Mada yangu ya tasnifu imerudishwa mara tatu. Niache hisabati safi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Nina miaka 34 na watoto wawili. Mwaka jana nilianza shahada ya uzamili ya hisabati, na masomo ya darasani nimeyamaliza vizuri. Aljebra niliipenda sana, na nadharia ya namba ndiyo iliyonifanya niombe kusoma tena. Shida imeanza kwenye tasnifu.

Mada ya kwanza niliyompelekea msimamizi wangu ilikuwa kisio la Goldbach, lile linalosema kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. 10 ni 3 na 7, 28 ni 5 na 23, na kadhalika. Nilikuwa nimejaza daftari zima la mifano. Alinijibu kwa mstari mmoja kwamba hiyo si mada ya uzamili. Nikapeleka ya pili: "Nadharia ya makundi na matumizi yake." Akaniuliza makundi yapi na matumizi yapi. Sikuwa na jibu. Ya tatu, Mwalimu, naona aibu kuisema. Niliichukua kwenye tasnifu ya mtu aliyemaliza miaka michache iliyopita, nikabadilisha maneno mawili matatu ya kichwa. Aliirudisha siku hiyo hiyo, na tangu hapo majibu yake yamekuwa mafupi na ya kuchelewa.

Nilipata moyo niliposoma habari za Yitang Zhang, yule aliyekuwa hajulikani kabisa, akaja kutikisa dunia kwa namba tasa pacha, zile zinazoachana kwa 2 kama 11 na 13, akiwa na miaka zaidi ya 50. Nikajiambia, kama yeye aliweza akiwa peke yake, kwa nini mimi nisiweze? Lakini nikikaa mezani usiku, watoto wamelala, naangalia karatasi tupu hadi saa sita.

Mwenzangu ofisini alisomea modeli za hesabu za malaria. Ananiambia, "Dada, hamia huku, utamaliza. Hayo manamba yako hayana mwenyewe." Sijui kama ananionea huruma au anasema kweli.

Nafundisha vipindi 28 kwa wiki. Chuo kiko mbali, na intaneti ninayoitegemea ni bando la simu. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi ujao kupeleka mada nyingine. Mama yangu anaanika dagaa Kibirizi, na ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita. Kila nikienda ananiuliza, "Hicho kitabu chako kimefika wapi?" Namwambia kinaendelea, na roho inaniuma kwa sababu sijaandika hata ukurasa mmoja.

Nitajuaje kwamba mada ni ya ukubwa wangu? Na je, niache hisabati safi?

Mwalimu wa Namba, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mada ya tatu, maana ndiyo inayokukaba. Mwandikie msimamizi wako sentensi mbili: kwamba mada ile uliichukua kwa mtu kwa sababu ulikuwa umekwama, na kwamba hutarudia. Usijieleze zaidi ya hapo, na usisubiri hadi upate mada mpya ndipo uombe radhi. Nimesimamia wanafunzi kwa miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Tabora, na ninakuhakikishia kwamba mwanafunzi anayesema "nilikosea" husomewa barua yake inayofuata kwa jicho jingine. Ukimya ndio unaomfanya msimamizi aanze kuhofia atakachokuta kwenye sura ya nne.

Sasa tuzungumze hisabati. Mada zako zote tatu zina ugonjwa mmoja, ingawa kwa nje hazifanani: hakuna hata moja ambayo ungeweza kuianza Jumatatu asubuhi kwa kalamu na karatasi, na Ijumaa ukawa na kitu mkononi.

Chukua Goldbach. Swali lenyewe ni zuri kupita kiasi, na ndiyo maana linatuponza. Goldbach alimwandikia mwanahisabati mwenzake Euler kuhusu jambo hilo mwaka 1742. Kompyuta zimelihakiki hadi kwenye namba yenye 4 ikifuatiwa na sifuri 18, na bado hakuna aliyelithibitisha. Daftari lako la mifano lilikufurahisha, naamini, lakini jiulize ungeandika nini kwenye hitimisho. Ungeongeza mifano elfu moja, uthibitisho usingesogea hata hatua. Swali hilo halina ghorofa ya chini. Ama umefika juu kabisa, ama uko nje barabarani.

Neno hilo "ghorofa ya chini" nitalirudia, kwa hiyo nilieleze. Mada inayobebeka ni swali ambalo hata jibu kuu lisipopatikana, kuna jibu dogo la kweli chini yake ambalo unaweza kulikanyaga, kuliandika, na kulitetea mbele ya watahini bila kutetemeka. Juu yake pawe na ghorofa nyingine unayoweza kujaribu. Na juu zaidi pawe na ile ya watu wa dunia nzima, ambayo wewe huna haja ya kufika lakini unaiona kutoka dirishani.

Habari ya Zhang ni ya kweli na inatia moyo, ila magazeti huwa yanaruka sehemu inayokuhusu wewe. Alipotangaza kazi yake mwaka 2013 alikuwa na shahada ya uzamivu tangu mwaka 1991. Na hakuamka siku moja akasema "leo nashughulika na namba tasa pacha." Watafiti watatu, Goldston, Pintz na Yıldırım, walikuwa tayari wametengeneza njia mwaka 2005, na njia hiyo ilikwamia mahali pamoja panapojulikana. Zhang alikwenda kwenye kizuizi hicho hicho. Akathibitisha kwamba kuna jozi zisizo na kikomo za namba tasa zinazoachana kwa chini ya milioni 70. Haikupita mwaka kabla watu wengi wakishirikiana hawajaishusha ile milioni 70 hadi 246. Hata yeye alikuwa na swali lenye mipaka: njia fulani, ya watu fulani, inakwama ukurasa gani, na kwa nini? Mwige hapo.

Mada yako ya pili naielewa kwa uchungu, kwa sababu na mimi niliwahi kuwa nayo. Kundi, kwa asiyelijua, ni mkusanyo wa vitu wenye kanuni ya kuunganisha viwili ukapata kingine cha humo humo, na kila hatua inaweza kurudishwa, kama kujumlisha masaa kwenye uso wa saa. Nilipokuwa mwanafunzi nilitaka kuorodhesha makundi yote ambayo idadi ya memba wake ni kipeo cha 2, yaani 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Nilianza na memba 8, yakatoka makundi 5. Nikaona mambo si magumu. Memba 16, makundi 14. Msimamizi wangu, mzee mpole sana, hakunikataza. Aliniambia tu nifanye memba 32 kwa mkono halafu tuonane. Yako 51. Nilitumia miezi minne, nikapata 47, na sikujua nilipoyapoteza mengine. Leo tunajua kwamba ya memba 64 ni 267, ya 128 ni 2,328, ya 256 ni 56,092, ya 512 ni 10,494,213, na ya 1,024 ni zaidi ya bilioni 49. Ya 2,048 hadi naandika hivi sina habari ya aliyeyahesabu yote. Ile miezi minne ilinifundisha kuuliza, kabla ya kitu kingine chochote: nikipiga hatua moja mbele, kazi inaongezeka kidogo, au inalipuka?

Baada ya hapo alinikatia kipande: makundi ambayo idadi ya memba ni zao la namba tasa mbili tofauti. Hapo jibu zima linaingia kwenye ukurasa mmoja. Kama ile ndogo haigawi kubwa ukiitoa 1, kundi ni moja tu. Kama inaigawa, ni mawili. Memba 15: 3 haigawi 4, kwa hiyo kundi ni moja. Memba 21: 3 inaigawa 6, yako mawili. Hilo halikuwa jipya, lilijulikana tangu karne ya 19, lakini ndilo lililokuwa ghorofa yangu ya chini, na nilipolikanyaga nikaanza kulala usiku.

Wewe umesema unapenda namba. Basi nikuoneshe mada moja kwa kirefu, uone mada inayobebeka inavyokaa mkononi. Sikwambii uichukue. Itazame tu.

Fikiria duka la mawese, la Mwanga au Ujiji, popote. Mwenye duka ana madumu ya aina mbili yaliyokwisha kufungwa, ya lita 5 na ya lita 8, na hafungui dumu kumpimia mtu. Mteja anayetaka lita 13 anapata, dumu moja na moja. Lita 18, anapata. Lita 11, hapati. Lita 27, hapati. Kuanzia lita 28 na kuendelea, hakuna mteja atakayerudi mikono mitupu. Jaribu: 28 ni 20 na 8, 29 ni 5 na 24, 30 ni madumu sita ya 5, 31 ni 15 na 16, 32 ni madumu manne ya 8. Ukishapata tano zinazofuatana umemaliza, maana zinazobaki zote unaongeza dumu la lita 5 tu.

Hiyo 27 haikutokea kwa bahati. Ni 5 mara 8, toa 5, toa 8. Kwa namba mbili zozote zisizo na kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1, kanuni ni hiyo hiyo. Kwenye duka letu vipimo visivyopatikana ni 14, yaani 4 mara 7 (kila dumu ukilitoa 1) gawanya kwa 2. Mwingereza Sylvester aliandika kuhusu hesabu hii miaka ya 1880. Na ndani yake kuna siri moja ambayo mwanafunzi wako wa kidato cha sita anaweza kuiona mwenyewe akikaa nayo jioni moja: kipimo kinapatikana pale tu ambapo 27 ukitoa kipimo hicho hakipatikani. 5 inapatikana, 22 haipatikani. 10 inapatikana, 17 haipatikani. Zinajipanga jozi jozi, ndiyo maana nusu kamili zimekosekana.

Sasa mwenye duka aongeze dumu la aina ya tatu. Hapo mambo yanabadilika ghafla. Mwaka 1990 ilithibitishwa kwamba kwa aina tatu huwezi kuandika fomula ya aljebra kama ile, hata ukiruhusiwa kuwa na fomula kadhaa za kuchagua. Kuna njia za kupiga hesabu, lakini fomula ya mstari mmoja hakuna. Ukivuka kutoka mbili kwenda tatu umetoka kwenye uwanja wa shule na kuingia kwenye utafiti, na bado unatumia kujumlisha tu! Hii ndiyo sababu naipenda fani hii kwa wanafunzi walio mbali na maktaba. Huhitaji vitabu vitano vya utangulizi kabla ya kuelewa swali.

Nipande ghorofa moja zaidi. Mwaka 1978 Mmarekani Herbert Wilf aliuliza jambo hili. Hesabu aina za madumu, ukiacha lile ambalo lingeweza kuundwa na mengine. Zidisha kwa idadi ya vipimo vinavyopatikana chini ya mpaka, yaani kile kipimo ambacho kuanzia hapo vyote vinapatikana, ukihesabu na sifuri. Je, jibu daima linafika kwenye mpaka au kuuzidi? Kwa duka letu mpaka ni 28, na vipimo vinavyopatikana chini yake ni 14: 0, 5, 8, 10, 13, 15, 16, 18, 20, 21, 23, 24, 25 na 26. Aina mbili mara 14 ni 28. Imegusa mpaka sawasawa. Jaribu madumu ya lita 4, 7 na 9: kisichopatikana kikubwa kabisa ni 10, mpaka ni 11, vinavyopatikana chini yake ni 0, 4, 7, 8 na 9. Aina tatu mara tano ni 15, imeuzidi. Kwa aina mbili na aina tatu imethibitishwa kwamba daima ni hivyo. Kuanzia aina nne, kisio la Wilf kwa ujumla wake liko wazi, na watu wanaliendea kipande kwa kipande: familia hii ya madumu, kisha familia ile.

Umeona jinsi ghorofa zinavyopangana? Ya chini: eleza na uthibitishe kikamilifu habari ya aina mbili, kwa uthibitisho wako ulioandikwa upya na mifano yako. Hilo peke yake ni sura nzima, na hakuna wa kukunyang'anya. Ya kati: chukua familia moja ya madumu manne, yenye mpangilio unaoeleweka, piga hesabu za mifano thelathini au hamsini kwa jedwali, uone mpaka unavyokwenda, kisha uthibitishe ulichokiona. Ya juu: je, kwa familia hiyo Wilf alikuwa sahihi? Ukifika, umepata jambo jipya. Usipofika, bado una tasnifu. Kwa uzamili vyuo vingi havidai ugunduzi. Vinadai uonyeshe kwamba umelielewa jambo hadi chini na unaweza kuliandika bila mwanya. Uzamivu ndio unaodai jipya. Soma mwongozo wa chuo chako mwenyewe kwenye hilo, usitegemee maneno ya wenzako.

Mama yako anaanika dagaa, kwa hiyo unayajua ya ziwani kuliko mimi. Ziwa Tanganyika linashuka karibu mita 1,470, na hakuna mvuvi anayewasha taa kwa ajili ya ziwa lote. Anachagua mahali, anawasha, anasubiri dagaa waje kwenye lile duara la mwanga. Wewe ulikuwa unataka kuliangaza ziwa.

Mada ya namna hiyo huipati kwa kufikiria kichwa cha habari. Utakaa na karatasi tupu hadi saa sita kila siku, kwa sababu kichwa cha habari ni kitu cha mwisho kuandikwa. Tafuta makala moja. Narudia, moja, ya kurasa kumi hadi kumi na tano, ambayo unaelewa swali lake kwenye ukurasa wa kwanza bila kufungua kitabu kingine. Isome na kalamu. Kila waliposema "ni dhahiri kwamba", wewe thibitisha. Kila mfano, fanya wa kwako. Utafika mahali waandishi wanasema "chukulia kwamba a ni namba tasa" au "chukulia kwamba aina ni tatu". Simama hapo. Uliza: wameitumia wapi dhana hiyo? Ikiondolewa, kipi kinavunjika? Mfano gani mdogo kabisa unaoivunja? Maswali matatu hayo yamezaa tasnifu nyingi kuliko vikao vyote nilivyowahi kukalia.

Kuhusu bando: siku ukipata mtandao mzuri, pakua vyote kwa mkupuo. Kuna arXiv, hifadhi ya makala iliyoanza 1991, ni bure. Kuna zbMATH, iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2021, ambayo itakuonyesha kama swali lako limekwisha kujibiwa na nani. Hilo usiliruke, maana kugundua baada ya mwaka mzima kwamba swali lako lilikwisha kujibiwa ni msiba mdogo. Kuna ensaiklopidia ya mfululizo wa namba ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964. Unaandika namba zako chache za mwanzo, inakuambia wapi zimewahi kuonekana. Jaribu hili: kuna maduka mangapi tofauti ambayo vipimo visivyopatikana ni kimoja tu, viwili, vitatu, vinne? Kwa mkono utapata 1, 2, 4, 7. Ziandike pale, zitaendelea 12, 23, 39, 67, 118, 204, na utaona zinavyofanana na kukua kwa namba za Fibonacci, zile ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Na kuna programu ya bure iitwayo GAP, iliyoanzia Ujerumani miaka ya 1980. Ikishaingia kwenye kompyuta haihitaji intaneti, na ina kifurushi cha hesabu za aina hii. Lakini mifano kumi ya kwanza ifanye kwa mkono. Macho yako yaone kabla ya mashine.

Neno la tahadhari, kwa kuwa utakutana nalo. Kuna fani ambazo kuingia ni rahisi mno, kama kuweka namba kwenye vituo na njia za grafu, yaani mchoro wa vituo vilivyounganishwa kwa njia. Chukua reli yetu ya kati, Tabora kama kituo chenye matawi ya Kigoma na Mwanza, upe kila kituo namba, utazame tofauti zinazotokea kwenye kila kipande cha reli. Kuna kisio zuri hapo lililotokana na kazi ya Alexander Rosa ya mwaka 1967, na bado liko wazi. Lakini kwenye fani hizo ni rahisi pia kuandika kurasa mia ambazo hakuna atakayezihitaji, kila mtu na grafu yake ya umbo la ajabu. Kabla hujachagua familia yoyote, ya madumu au ya grafu, uwe na jibu la kwa nini familia hiyo na si nyingine. Kama jibu pekee ni "haijafanywa", tafuta nyingine.

Ukishapata makala yako na swali lako, mwandikie msimamizi ukurasa mmoja. Uanze na swali kwa sentensi moja. Mfano mmoja uliokamilika. Unachojua tayari kuthibitisha. Unachotaka kujaribu. Makala unayosimamia. Umalizie kwa kumuuliza jambo moja linalojibika kwa ndiyo au hapana. Msimamizi mwenye wanafunzi kumi na wawili hawezi kujibu "naomba ushauri wa mada", lakini anaweza kujibu "je, familia hii tayari imefanywa?" akiwa anasubiri chai. Na mwulize pia yeye anasoma nini siku hizi. Kama swali lako na kazi yake vinaweza kupakana, vipakanishe, hata ikibidi uache kitu ulichokipenda kidogo. Kwenye hisabati safi mtu mmoja anayejua njia karibu na wewe ana thamani kuliko mada tamu iliyoko peke yake.

Mwenzako wa malaria usimdharau. Hesabu za malaria zina historia ndefu, tangu daktari Ronald Ross mwanzoni mwa karne iliyopita, na sisi wa huku tunaoumwa malaria tunazihitaji. Ila ukihamia kwa kukimbia, tatizo utahama nalo. "Modeli ya malaria" nayo ni ziwa zima. Utaulizwa modeli ipi, na swali gani, na kwa takwimu za wapi. Kama baada ya wiki tatu za kusoma makala moja ya namba utagundua unasoma kwa kujilazimisha, na milinganyo ya mwenzako inakuvuta, nenda kwa amani. Kwa barua yako, mtu aliyejaza daftari zima la Goldbach baada ya vipindi 28, sidhani kama ndiko utakakokwenda.

Muda wako ni mdogo, kwa hiyo gawanya hivi: wiki ya kwanza tafuta makala kama tano na usome utangulizi tu, chagua moja. Wiki ya pili na ya tatu, makala hiyo na kalamu, hata kama ni saa moja tu watoto wakilala. Wiki ya nne, ukurasa wa msimamizi. Siku za mitihani ya shule usijilaumu.

Na mama akikuuliza tena kitabu kimefika wapi, mkalie hapo Kibirizi umweleze habari ya madumu ya lita 5 na lita 8. Anayeuza kwa vipimo kila siku atakuelewa mapema kuliko watahini. Muulize kama anaweza kukuambia kwa nini 27 haipatikani. Kisha wewe fanya ya lita 6, 7, 9 na 11, tafuta mpaka, hesabu vinavyopatikana chini yake, zidisha kwa nne, na uniandikie umepata ngapi.